Sentimita Tatu

Alikuja Nakijwa na mkasi wa chuma cha pua,
bahasha za kaki, kalamu ya risasi,
akaomba kukaa kona ya saluni yangu
kati ya draya na ndoo ya maji.
"Nataka nywele," akasema. "Chache tu. Za kisogoni,
zikatwe hapa hapa zinapoota."

Wateja wakanyanyuka na vitenge vyao.
Nywele haziombwi, dada. Sisi tukishasukwa
tunaokota hadi zilizonasa kwenye kitana,
tunazikunja kwenye karatasi, tunakwenda kuzichoma nyumbani.
Leo mgeni azipeleke maabara,
na jina la mtu limeandikwa juu ya bahasha!

Akaeleza taratibu, kama anayechambua mchele:
unywele hukua sentimita moja kwa mwezi,
na zebaki uliyoimeza hupanda nao,
hukaa kwenye mwezi wake, haihami.
Kichwa ni daftari. Ncha ni mwaka jana.
Mzizi ni kambale uliyemla juzi juzi.

Kambale tunawajua. Bura huwavua bwawani
chini ya ukuta wa kiwanda cha taa,
pale Themi inapopunguza mwendo kama ng'ombe aliyeshiba
na mirija iliyovunjika imelala majanini,
myeupe ndani kama maziwa yaliyokaukia chupani.
Watoto wetu waliwahi kuokota tone la fedha pale,
wakalikimbiza kwa vidole juu ya mfuniko wa sufuria:
ukiligusa linakuwa mawili, mawili yanakuwa kumi,
wala hakuna hata moja linalokubali kushikwa.
Tulicheka. Nami nilicheka.

Mama Terewaeli ndiye wa kwanza kukaa kitini.
Ikabidi tufumue rasta mbili kuzifikia zake,
maana rasta, alisema Nakijwa, hazijui lolote,
hizo zimetoka kiwanda kingine.
Tukacheka tena, lakini kidogo.

Basi nikamleta Lomnyaki wangu, miaka tisa,
ambaye herufi zake siku hizi zinatambaa nje ya mstari,
ambaye kikombe cha chai kwake hufika mezani nusu,
ambaye mwalimu amemwandikia kwa wino mwekundu: Mvivu.
Nakijwa akapitisha kiganja kichwani mwake.
Akapitisha tena.
"Wa shule," nikamwambia.
Kila Jumamosi nawanyoa mwenyewe, wa mtaa mzima,
shilingi mia tano kichwa, kwa mashine,
na kila Jumamosi nafagia.

Nafagia.
Miezi ya watoto wote wa Unga Limited
naijaza kwenye mfuko wa rambo, naitupa.

*Akili ni nywele, kila mtu ana zake.*
Nimeyaandika mwenyewe juu ya mlango wa saluni,
kwa rangi nyekundu,
nikidhani ni tangazo.

Sasa ni wiki ya kumi na moja. Mashine nimeificha.
Kambale tumeacha; Bura anapita na ndoo yake
tunajifanya tumelala, na Bura naye ana watoto.
Mwalimu mkuu amemrudisha Lomnyaki mara mbili.
Mara ya tatu nilikwenda naye mimi.
"Mama, sheria ni sheria. Nywele hizi ni za nini?"
Nikasema ni ushahidi.
Akadhani nimeweka nadhiri, akaniuliza nasali wapi.

Usiku kiwanda kinajaribu mirija mipya, yote kwa pamoja,
mwanga unaingia mpaka chini ya kitanda,
hauhitaji kuwasha koroboi.
Lomnyaki ananiinamishia kisogo. Naweka rula ya shule.
Mkono wake umeshika goti langu
nao hautulii.
"Zimefika?"
"Bado kidogo."
"Zikikatwa zitauma?"
Nywele haziumi, namwambia,
na nasogeza rula, nasoma tena.